Siku Nilipokata Mpaka wa Mazalio

Vijana wa ofisi yetu ya uvuvi kule Beni walipopanda hadi Vulamba kuniaga, waliniletea jogoo, kreti ya soda na ombi moja: niandike miaka yangu ya kazi, ili wanaoingia sasa wasianze kwa kupapasa. Nimekubali kwa sababu wanastahili, na kwa sababu simwoni mwingine mkoani anayeweza kuiandika habari hii. Wenye diploma ya uvuvi wapo. Aliyeipata huku viganja vyake vimechanwa na kamba zenye chumvi ni mimi peke yangu.

Vyeo sitavitaja. Mshahara mnaujua, na nikiuandika hapa mtaacha kazi kabla ya ukurasa wa pili. Nitaandika juu ya upepo.

Watu wa mjini hudhani mvuvi hufa katikati ya ziwa, mbali, mahali ambapo hakuna anayemwona. Si kweli. Katikati kuna kina, na wimbi la kwenye kina hukunyanyua likakushusha. Hatari iko karibu na nchi kavu, pale chini panapoinuka, wimbi linaposimama wima na kuvunjika. Wengi niliosaidia kuwazika walizama wakiuona moshi wa jiko la nyumbani kwao. Kama mtasahau mengine yote niliyoandika, hilo msilisahau.

Nilizaliwa hapahapa Vulamba, baba akiuza maharage na mama akilima. Nilipomaliza sekondari nilipanda juu ya lori la kahawa, tukapita Kasindi, tukavuka Uganda, na sikusimama hadi nilipofika mahali ambapo barabara inaisha na maji yanaanza. Sikutumwa na serikali, sikulipiwa na parokia, na katika ukoo wetu hatuna mbunge. Nilikuwa na miguu na kichwa, basi. Pwani ya Kenya, kusini ya Mombasa, nikaajiriwa na nahodha mmoja aitwaye Salim, mtu mfupi mwenye hasira, aliyevua ndani ya mwamba wa matumbawe kwa boti ya fiba. Kazi yangu ilikuwa kukomba maji kwa kopo.

Siku ya kwanza upepo ulivuma tangu asubuhi. Nilitapika hadi nikadhani utumbo utafuata. Nilipomaliza, Salim aliniuliza kwa upole kama kweli kwetu tunavua, au tunavua mihogo tu. Mabaharia wake wawili walicheka, nami nikaendelea kukomba. Chumvi ilikuwa imeingia kwenye mipasuko ya vidole, na kila nilipotia mkono majini ilikuwa kama kushika kaa la moto. Sikuacha kopo. Jioni aliniambia nirudi kesho, na kwa Salim hiyo ilikuwa hotuba ya sifa.

Alinifundisha mambo mawili, na yote mawili mtayahitaji siku moja. La kwanza, kabla ya kuingia ufukweni kwenye upepo, kaa nje utazame. Alikuwa akituweka nje ya mvunjiko wa mawimbi, njaa inatuuma, yeye ametulia anatazama kama mtu aliyeko sinema. La pili, boti isiupe wimbi ubavu wala mgongo. Ukilazimika kurudi nyuma na upepo, geuza omo, yaani pua ya boti, ielekee wimbi, kisha tupa mbele gunia lililofungwa kamba, mdomo wazi. Gunia likijaa maji linaivuta boti kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe. Unarudi polepole, kinyumenyume, ukilitazama kila wimbi usoni.

Asubuhi nilivua, jioni nikasoma katika chuo cha uvuvi, na ada nilijilipia kwa samaki. Siku niliyopewa diploma, yenye muhuri mkavu unaoweza kuusoma kwa kidole, Salim aliigeuza upande wa pili akatafuta kama kuna kitu kingine. Wenzangu waliporudi Congo walirudi na televisheni. Mimi nilivuka mpaka na diploma, buti za mpira na kamba nzuri ya nailoni. Mtu wa forodha alinihurumia akanipitisha.

Serikali ilinipeleka Ziwa Edward, kwenye ufuko ambao samaki wake mnawala nyote Beni na Butembo. Kule viboko hutembea kati ya nyumba jioni kama majirani wenye kiburi, na hakuna anayebishana nao njiani. Wavuvi walinipokea kwa mashaka. Walitaka kujua nilikojifunzia. Nilipowaeleza bahari, mmoja aliuliza, "Mayi yenye hapana kunywa, iko mayi gani?" Tangu siku hiyo jina langu likawa Chef Munyu, yaani bwana chumvi. Walidhani wananitania. Mimi nililivaa kama cheo.

Sasa mnielewe kuhusu mazalio, kwa sababu hapo ndipo kisa kilipo. Kusini kidogo ya ufuko wa kushushia samaki kuna rasi ya mawe, na nyuma ya rasi hiyo, upande wa ufuko wetu, kuna ghuba ndogo yenye matete. Upepo mkali wa ziwa letu hutoka kusini, unakimbia urefu wote wa maji bila kizuizi, unakuja kuupiga ufuko wetu. Lakini rasi inaikinga ghuba, na ndani maji yametulia. Ndiyo sababu tilapia huingia humo kuzaa. Jike hubeba mayai mdomoni mwake, na halili hadi watoto watoke. Ukimvua huyo, umevua ukoo mzima. Sheria inakataza mtumbwi wowote kuingia, hata wa kupumzika, maana wote waliosema wanapumzika walikuwa wanapumzika juu ya nyavu.

Mpaka niliuweka mimi mwenyewe: bidoni, yaani madumu ya plastiki, zilizopakwa rangi nyekundu, kila moja imefungwa kwa kamba kwenye jiwe, mstari mmoja kutoka ncha ya rasi hadi kwenye matete. Kila asubuhi, mitumbwi ikirudi, nilisimama juu ya rasi na kitambaa chekundu. Aliyekaribia nilimpungia, naye akatoka. Sikumpigia mtu kelele. Mkono wangu ulikuwa na maana moja tu, na kila mvuvi aliijua.

Yule aliyejifanya haijui aliitwa Kakule. Alikuwa mvuvi hodari, mimi sifichi sifa ya mtu. Mwaka uliotangulia kisa hiki nilimkuta alfajiri ndani ya mstari, nyavu zimelala humo tangu jana yake, na majike mdomo umejaa mayai. Nilimkamata. Mtumbwi wake ulipasuliwa kwa msumeno mbele ya watu, kama sheria inavyotaka, na mbao zikawa kuni. Ningemkamata tena leo. Mkewe, Masika, ambaye hukausha samaki kwa moshi na kuwatuma Butembo kwa pikipiki, alisimama akatazama hadi ubao wa mwisho. Kwa kazi ya mikono yake walijenga mtumbwi mwingine. Tangu hapo Kakule alipita mbali na bidoni zangu kana kwamba zina ukoma.

Siku ninayoisema, upepo ulikuja mapema kuliko kawaida, asubuhi, mitumbwi ikiwa bado inarudi. Kwanza ziwa lilibadilika rangi kwa mbali, mstari mweusi, kisha mstari ukawa na meno meupe. Mitumbwi ya mbele iliwahi. Mmoja wa nyuma ulijaribu kuingia ufukweni moja kwa moja, na pale chini panapoinuka wimbi likaushika mgongoni, likausimamisha, likaupindua. Watu wake tuliwavuta wakiwa hai, wamemeza nusu ya ziwa. Mtumbwi ulipasuka katikati, na mbao zikawa zinaviringika kwenye povu mbele ya macho ya kila mtu.

Mbele ya macho ya Kakule pia. Alikuwa wa mwisho nje. Ndani ya mtumbwi wake walikuwa watatu: yeye, mdogo wake Mbusa, na mtu mmoja aliyekimbia vita Eringeti, mkulima asiyejua kuogelea hata kisimani. Moteri yao ilikuwa imenywa maji ikafa. Walikuwa wanapiga makasia, omo imeelekea upepo, si kwa kwenda mbele bali ili wasisukumwe kwenye mvunjiko. Kakule alikuwa ameona kwamba ufuko umefungwa. Aliyebaki nje namna hiyo ana uhai wa urefu wa mikono yake. Mikono ikichoka, basi.

Na pembeni yao, karibu kabisa, ilikuwa ghuba yangu, imetulia kama maji ya beseni.

Nilikimbia juu ya rasi. Nilikuwa na kitambaa mkononi kwa sababu asubuhi zote nilikuwa nacho mkononi. Nikampungia aingie. Alinitazama, akasema kitu na wenzake, na mtumbwi ukageuka kwenda nje zaidi.

Nikakitupa kitambaa, nikapunga mikono mitupu. Wakazidi kupiga makasia kwenda nje. Nilipokuwa nikimwita kwa nguvu zangu zote, yeye alikuwa akinitii kwa nguvu zake zote. Simu haikusaidia. Masika alikuwa amepiga tena na tena, lakini mvuvi akiingia ziwani huizima simu na kuifunga kwenye plastiki.

Masika alikuwa amenifuata hadi juu ya rasi, nguo imemshika miguuni kwa upepo. Hakulia. Aliniambia kama mtu anayemweleza mtoto mzito wa kuelewa.

"Chef, yule haogope mayi. Anaogopa weye."

Nilimwambia niko namwita. Akasema, "Unamwita na ule ule mukono ulimukatia mutumbwi. Atajua namna gani?" Kisha akanitazama kutoka buti hadi kofia. "Ile diploma yako inajua kuogelea?"

Vijana, nimetukanwa na wakuu wa bandari na nimetukanwa na Salim, aliyekuwa fundi wa kazi hiyo. Hakuna tusi lililowahi kunisogeza haraka kama swali lile.

Nikashuka hadi kwa Katembo, mtu wa moteri wa huduma yetu. Nilimwambia tuwafuate. Yeye alikuwa ameshapiga hesabu. "Tukibabeba, tutakuwa batu batano mu huu mutumbwi. Utazama. Na akituona tunakuya, atakimbia, ju anajua huu mutumbwi iko ya kukamata batu." Alisema kweli. Mtumbwi wetu ulikuwa mdogo, na ubavuni una namba za serikali. Kwa Kakule, kufikiwa nao kulikuwa msiba wa pili.

Nikayatazama maji tena, kama nilivyofundishwa, ingawa miguu ilitaka kukimbia. Kakule hakuwa akinitazama mimi tu. Kila baada ya makasia machache aligeuza kichwa kupima umbali wake na mstari wa bidoni. Hata katika hali ile, kifo kikiwa nyuma yake, alikuwa mwangalifu asiuvuke. Nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri mno.

Nilimwuliza Katembo kisu kiko wapi.

Nilimwaga gunia langu la makaa palepale mchangani, nikalifunga kamba ya nailoni mdomoni, nikalitupa ndani ya mtumbwi. Tukaondokea ndani ya ghuba, kwenye utulivu, hadi ncha ya rasi. Hapo upepo ulitupokea. Mawimbi yalikuwa yanazunguka mawe na kugongana, na mtumbwi ulipiga chini kwa kishindo cha kupasua mbao. Katembo aliusogeza hadi juu ya mstari, omo upeponi. Nikatupa gunia. Likajaa, kamba ikakaza, na mtumbwi ukatulia kama farasi aliyevutwa hatamu. Kisha upepo ukaanza kuturudisha polepole, kinyumenyume, sawasawa na mstari wa bidoni, zikija upande wangu moja moja.

Ya kwanza niliidaka kwa kulala juu ya ubao, maji yakanipita kichwani. Nikakata kamba, nikaitupa ndani ya mtumbwi. Ya pili. Katembo alikuwa anatumia moteri kidogo kidogo, anaifanya inong'one tu, asilegeze kamba ya gunia. Nilipoinyoshea mkono bidoni ya tatu, kando yake maji yalifunguka, na kichwa cha kiboko kikatoka, masikio yanatikisika. Nao walikuwa wamekuja kujikinga. Kwa umbali ule niliona ndevu zake.

Katembo alizima moteri bila kuambiwa. "Chef, acha ile." Upepo ukaturudisha, tukampita, anatutazama tu kama mlinzi wa lango asiyejua kama tuna ruhusa. Ile ya tatu niliiacha. Siku ile mpaka wangu ulibakiwa na bidoni moja, nayo yenyewe ina mlinzi.

Baada ya ya nne nilipoinua kichwa, makasia ya Kakule yalikuwa yamesita. Alikuwa amesimama nusu, anatazama mahali palipokuwa na wekundu na sasa ni maji matupu. Nikanyanyua bidoni juu ya kichwa kwa mikono miwili ili aione, nikaipiga chini ndani ya mtumbwi. Nikakata zilizofuata nikafanya vilevile. Wimbi lilikuwa linamrudisha karibu na mvunjiko, na Mbusa alikuwa amelala juu ya kasia, mikono imekwisha. Mtu wa Eringeti alikuwa anakomba maji kwa sufuria.

Upepo ulituletea sauti ya Kakule. "Chef! Utanikamata?"

"Leo hapana mupaka! Ingia!"

"Apa!"

Nikamwapia kwa Mungu. Hakusogea. Watu wengi wamemwapia Kakule kwa Mungu.

"Apa na kitu unapenda!"

"Na diploma yangu!" nilimwambia.

Waliokuwa ufukweni walicheka sana walipoelezwa baadaye. Kakule hakucheka, maana alinijua: hakuna kiapo kikubwa kuliko hicho kinywani mwangu. Aliweka kasia lake majini upande wetu.

Lakini ili aingie ilimpasa kuupa upepo ubavu, na mtumbwi uliojaa maji namna ile usingekubali. Nikamwambia afunge nyavu zake kwenye omo azitupe zote majini. Nyavu zingefanya kazi ya gunia, zimshike omo upeponi, nasi tumvute kwa nyuma. Hapo akasita mara ya pili, na sikumlaumu. Nyavu majini ndani ya mazalio: kwa jambo hilohilo nilikuwa nimempasulia mtumbwi. Alinitazama sana. Kisha akamwambia Mbusa azitupe.

Kamba yetu ya kwanza iliwakosa. Ya pili mtu wa Eringeti aliidaka kwa meno na mkono mmoja, maana mkono wa pili hakutaka kuachia sufuria. Katembo akaiwasha tena moteri, akaifungua yote. Wimbi moja likatoka upande, likawafunika watatu wote, na kwa muda niliona kasia tu likielea. Kamba ilikuwa bado imekaza. Niliishika kwa mikono miwili ingawa ilikuwa imefungwa, kwa sababu kuna wakati mtu haamini fundo, hata alilolifunga mwenyewe. Walipotokeza walikuwa wamekaa majini hadi kifuani, ndani ya mtumbwi. Tukavuta. Kiboko alizama akatupisha. Kisha ghafla kelele ikaisha, kama mlango umefungwa nyuma yetu, na tulikuwa ndani ya ghuba, maji yanapapasa mbao.

Masika aliingia majini hadi kiunoni. Aliwagusa wote watatu kichwani, hata yule asiye wa kwake, akarudi akakaa mchangani kwa uzito. Alipopata pumzi aliuliza, "Na nyavu?"

Nyavu zilikuwepo, na hiyo ndiyo ikawa taabu. Kabla hatujazitoa, walinzi wa hifadhi inayolilinda ziwa letu walikuwa wameshafika, wanne, wakiongozwa na Adjudant Lokwa. Huyu alitoka mkoa wa Équateur, akakaa muda Mutwanga chini ya mlima, ndipo akaletwa ziwani. Mtu mwadilifu, wa kanisa kila Jumapili, asiyekula samaki wa zawadi. Kutoka kituo chao juu ya kilima hawakuwa wameona mengi kwa ukungu wa maji. Waliona mtumbwi ndani ya mazalio. Sasa waliona na nyavu, na ndani ya nyavu tilapia, kwa sababu samaki hajui kama nyavu zimetupwa kwa uvuvi au kwa uokozi. Lokwa alimfungua mmoja mdomo kwa kidole. Mayai ya manjano, yamejaa.

Alimtambua Kakule. "Chef Munyu, huyu si ni ule ule?"

Nikasema ni yuleyule.

"Mu frayère. Na nyavu."

Kakule alikuwa amekaa mchangani. Mtumbwi wake ulikuwa umelala pembeni unatiririsha maji, mbao bado ni mpya. Masika alisimama, akaenda kusimama kati ya mtumbwi na wale walinzi. Hakuwa na silaha. Alisimama tu.

Nilimwuliza Adjudant hiyo frayère, yaani mazalio, inaanzia wapi. Akasema kwenye bidoni, kila mtu anajua. Nikamwuliza bidoni ziko wapi. Akatazama majini, akatazama tena, akaona moja tu, kisha akautazama mtumbwi wetu wa huduma, uliojaa bidoni nyekundu hadi kwenye benchi.

"Donc," akasema taratibu, "frayère iko mu mutumbwi yako."

Mlinzi mmoja alicheka akajuta. Lokwa hakucheka. Alikuwa anafikiri, na naomba mheshimu mtu wa sheria anayekubali kufikiri akiwa amelowa. Nikamwambia kwamba aliyekata mpaka ni mimi, na kisu ni hiki. Aliyemwamuru mtu yule atupe nyavu ni mimi. Ikiwa lazima mtumbwi mmoja ukamatwe leo, wenye kosa unaonekana kwa rangi ya bidoni zake.

"Unajua nitaukamata kweli," akasema.

"Najua. Ndiyo maana nakuambia weye, hapana mwingine."

Kwanza aliamuru samaki warudishwe. Walinzi walivua buti, wakaingia majini pamoja na Kakule na Mbusa, wakawatoa majike kwenye nyavu mmoja mmoja kwa mikono iliyoloweshwa, ili wasikwanguliwe magamba, wakawaachia. Wengine walitema mayai, wengine waliondoka nayo. Kisha wakaufunga mtumbwi wa huduma kwa mnyororo kwenye mti, kwa jina la sheria, nami nikatia saini. Lokwa alisema bidoni zirudi majini kesho asubuhi, zote, mahali pake.

Katembo akauliza kwa adabu zitarudi kwa mtumbwi gani.

Adjudant alitazama kila upande wa ghuba. Ulikuwepo mmoja tu. Alimtazama Kakule muda mrefu, kisha akapanda kilima bila kujibu, na hilo ndilo lilikuwa jibu.

Mkuu wangu wa Beni alitaka maelezo, nikampa. Hayo ni mambo ya mezani, hayawasaidii.

Kesho yake ziwa lilikuwa tambarare, lina aibu. Kakule alikaa nyuma na kasia, mimi mbele na bidoni, kamba mpya na mawe ambayo Masika na wanawake wenzake walikuwa wamekusanya. Tuliingia ndani ya mazalio mchana kweupe. Kisha akauliza alilokuwa nalo tangu jana.

"Chef, upepo ikirudi?"

Nikamwambia nitasimika mlingoti juu ya rasi. Siku nitakayoning'iniza bidoni nyeupe, mtumbwi wowote uingie, ukae, utoke upepo ukiisha. Vijana, ile bidoni nyeupe mnayoipandisha kila dhoruba, na ambayo mmoja wenu alitaka kuipeleka kisimani, ilianzia hapo.

"Na nyavu?"

"Nyavu zikae mu mutumbwi. Kama utazitupa, itakuwa kwa omo, na mimi niko naangalia."

Akatikisa kichwa kukubali. Tulipofika karibu na ncha ya rasi alisimamisha mtumbwi. "Hapa."

Nikatazama ncha, nikatazama matete. Tulikuwa ndani ya ghuba urefu mzuri wa wavu mmoja.

"Nje zaidi, Kakule."

"Jana hapakuwa kitu yote hapa."

"Jana kulikuwa upepo."

Akapiga kasia mara mbili, akasimama. Bado. Nikamwambia nje. Ndipo akacheka, na nikagundua kwamba tangu nimkamate sikuwahi kuyaona meno yake. Akausogeza mtumbwi hadi mahali penyewe, akanyanyua jiwe yeye mwenyewe, akaliachia. Kamba ilikimbia juu ya ubao, bidoni ikazama kidogo, ikasimama nyekundu juu ya maji. Kwenye ya pili hakusubiri kuambiwa. Alisimama pale pale panapotakiwa, labda kwa heshima, labda kwa sababu Adjudant Lokwa alikuwa juu ya rasi, amekunja mikono, anatuhesabia.